Viwiliwili Visivyo na Vichwa: Ushahidi na Umbali katika Masimulizi ya Watu wa Ajabu

Katika juzuu ya tano ya Historia ya Maumbile, kazi yenye juzuu 37 ambayo Pliny aliikamilisha mnamo mwaka 77 B.K., yaorodheshwa makabila yaliyodaiwa kuishi ndani ya Afrika, ng'ambo ya jangwa. Wapo watu wasioota ndoto wala kuitana kwa majina. Wapo wakaao mapangoni na kula nyoka. Wapo watembeao uchi, wasiojua vita. Kisha, kwa sentensi moja fupi, mwandishi anasema kuwa Wablemi, kwa mujibu wa yanayosimuliwa, hawana vichwa, na kwamba vinywa na macho yao yamo vifuani. Hakuna zaidi. Pliny anaendelea na kabila jingine.

Sentensi hiyo imeishi muda mrefu kuliko dola iliyomlea mwandishi wake. Imechorwa kwenye ramani, imechongwa kwenye mbao za wapiga chapa wa Ujerumani, imevuka bahari hadi Amerika ya Kusini, na imeingia katika tamthilia mbili za Shakespeare. Mojawapo ni The Tempest, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1969 katika tafsiri ya S. S. Mushi, Tufani. Mtu asiye na kichwa, basi, si mgeni kabisa katika maktaba ya Kiswahili, ingawa aghalabu msomaji humpita bila kumwuliza ametoka wapi.

Wahakiki wanapokutana na kiumbe wa aina hii huwa na maswali mawili. La kwanza ni la mpelelezi: je, aliwahi kuwapo? Hapo huzuka maelezo ya ngao zilizochorwa nyuso, ya wapiganaji walioinamisha vichwa hadi mabegani, ya nyani walioonwa kwa mbali. Maelezo hayo yanachosha upesi, kwa kuwa kila moja laweza kuwa kweli na hakuna hata moja linalofafanua kwa nini sentensi ile ilirudiwa kwa miaka 1500. Swali la pili ni la mfasiri wa ishara: kiumbe huyu ni taswira ya nini? Jibu lililozoeleka ni kwamba ni taswira ya hofu ya mwanadamu mbele ya asiyefanana naye. Jibu hilo si baya, lakini ni pana mno. Vazi linalomtosha kila mtu halikushonewa mtu yeyote.

Maswali yote mawili huanzia kwenye mwili. Makala haya yanaanzia kwenye kitenzi, yaani lile "yanayosimuliwa" la Pliny. Yanadai kuwa ajabu ya mtu wa ajabu, katika maandishi, hutengenezwa na mpangilio wa ushahidi: nani anasema, aliyeona yuko wapi, na je, kiumbe anayesemwa amepewa nafasi ya kusema? Kiungo kilichopungua au kuzidi huja baadaye, kama muhuri juu ya barua iliyokwisha kuandikwa.

Watu kabla ya umbo

Jambo ambalo wasomaji wengi wa fasihi hawalipati katika maelezo ya chini ya kurasa za Shakespeare ni kwamba Wablemi walikuwa watu. Waliishi katika jangwa lililoko kati ya Mto Nile na Bahari ya Shamu, katika nchi ambazo leo ni Misri ya kusini na Sudan, na wataalamu wengi huwahusisha na Wabeja wa leo. Strabo, aliyeandika kabla ya Pliny na aliyepanda Mto Nile hadi mpaka wa Misri kiasi cha mwaka 25 K.K. akiwa na gavana wa Kirumi, anawataja kama wafugaji wa kuhamahama walio chini ya watawala wa Meroe, si wengi, wala si wapenda vita sana. Hasemi lolote kuhusu vichwa vyao. Yaelekea viliwekwa mahali pa kawaida.

Hapa pana jambo la kustaajabisha kuliko kiumbe mwenyewe. Habari sahihi ilitangulia habari ya ajabu. Mtu aliyefika mpakani aliandika juu ya wafugaji, na miongo kadhaa baadaye mtu aliyekaa na vitabu vyake aliandika juu ya viwiliwili. Dhana iliyoenea kwamba mambo ya ajabu hutokana na uchanga wa maarifa, na kwamba maarifa yakikua ajabu hutoweka, haishikiki mbele ya mfano huu. Jina "Wablemi" lilikuwa limekwisha kufika Roma likiwa na watu ndani yake. Katika orodha ya Pliny jina lilibaki na watu wakatolewa.

Wala kutolewa huko hakukuzuiwa na mambo yaliyofuata. Kuanzia karne ya tatu Wablemi walishambulia miji ya Misri ya juu mara kwa mara. Diocletian aliurudisha mpaka wa dola nyuma hadi Elephantine mwishoni mwa karne hiyo, na Procopius anasimulia kuwa Wablemi na majirani zao Wanobadi walilipwa dhahabu kila mwaka ili watulie. Katika karne ya tano Olympiodorus wa Thebes alialikwa kwao, akafika Talmis, mji ambao leo huitwa Kalabsha. Baada ya vita vya miaka ya 450 ulifanywa mkataba wa amani wa miaka 100, na Priscus anaeleza sharti lake moja lenye kugusa: Wablemi waliruhusiwa kuendelea kuzuru hekalu la Isis lililoko Philae, na kuiazima sanamu ya mungu huyo kwa muda, kuipeleka kwao na kuirudisha. Dola ilikuwa ikiwalipa, ikipigana nao, ikitia nao saini na kuwaazima miungu. Wakati huohuo vitabu vya elimu vilikuwa vikinakiliwa vyenye habari kwamba hawana vichwa. Isidore wa Seville, aliyefariki mwaka 636, aliiandika upya kana kwamba hakuna balozi aliyewahi kuketi nao.

Nani aliona?

Mtindo wa Pliny ni mtindo wa orodha, na orodha ina kanuni zake za kifani. Haina mandhari wala wakati. Haina mazungumzo. Wablemi katika sentensi yake hawatendi lolote. Wamepewa sifa ya kukosa kitu tu. Mtu anayeelezwa kwa "hana" peke yake hawezi kuwa mhusika, kwa sababu uhusika huanza pale kiumbe anapotaka jambo. Ndiyo maana mtu wa orodha aweza kuhamishwa bila gharama. Kwenye ramani kubwa ya Hereford ya mnamo mwaka 1300 amewekwa kwenye ukingo wa kusini wa Afrika. Katika kitabu cha safari kilichobandikwa jina la Mandeville, cha katikati ya karne ya 14, amehamia kisiwa cha Asia. Mwaka 1493 yumo kwenye michoro ya kitabu cha tarehe cha Schedel kilichopigwa chapa Nuremberg. Mwaka 1595 Walter Raleigh anamkuta Guiana, chini ya jina la Ewaipanoma. Tuseme hivi: makazi yake ya kudumu ni hatua moja mbele ya mahali mguu wa msimulizi ulipokomea.

Raleigh anastahili kusomwa polepole, kwani yeye ni mtu makini anayejua kuwa atachekwa. Anakiri kuwa hakuwaona. Kisha anatoa hoja mbili za kujikinga. Ya kwanza ni kwamba kila mtoto wa majimbo ya Arromaia na Canuri anathibitisha habari hiyo. Ya pili ni kwamba Mandeville naye alidhaniwa mwongo kwa miaka mingi, hadi safari za Mashariki zilipoonyesha kuwa alisema kweli. Tazama jinsi duara linavyofungwa. Kitabu kinathibitishwa na wenyeji, na wenyeji wanaaminika kwa kuwa wanaafikiana na kitabu. Isitoshe, wenyeji wenyewe wamepewa sauti kwa mara ya kwanza, lakini sauti hiyo ni ya kushuhudia juu ya jirani asiye na kichwa tu. Wakisema jingine, halina nafasi katika ukurasa huu.

Mtu mmoja aliyekataa duara hilo alikuwa Mwafrika. Augustino, mzaliwa wa Thagaste aliyekuwa askofu wa Hippo, katika kitabu cha 16 cha Mji wa Mungu anazitaja jamii hizi za ajabu, na anasema kuwa picha zake zilitiwa nakshi kwenye uwanja wa kando ya bahari huko Carthage. Anazijua, basi, kama mtu anavyozijua picha za mjini kwao. Haoni sababu ya kusadiki kila linalosemwa. Ila anaweka sharti: yeyote aliyezaliwa mtu, yaani kiumbe mwenye akili na atakayekufa, awe na umbo, rangi au sauti ya namna gani, asili yake ni moja na ya wengine. Ama habari hizo si za kweli, ama viumbe hao si watu, ama ni watu na ni ukoo wa Adamu. Msimamo huu unaupindua mpangilio wa Pliny: kipimo cha utu kimetolewa kwenye kiwiliwili na kuwekwa kwenye akili, na akili haionekani kwa kutazamwa kutoka mbali. Ili uijue ya mwenzio huna budi kusema naye.

Waliokuja baadaye walimlipa vibaya. Katika zama za kati ilienea hotuba ya kughushi iliyobandikwa jina lake, ambamo "Augustino" anasema kuwa alisafiri hadi Uhabeshi kuhubiri na kuwaona kwa macho yake wanaume na wanawake wasio na vichwa. Hii ni hila ya kifani isiyo na kifani. Orodha ilikuwa na upungufu mmoja, nao ni kwamba hakuna aliyeona. Mghushi akautafuta mdomo ambao hakuna angethubutu kuukadhibisha, akamchagua mtu yuleyule aliyekuwa ametia shaka.

Wakwaki na mfalme wa Sofala

Haitakuwa haki kuliacha jambo hili mikononi mwa Ulaya peke yake. Fasihi ya Kiarabu ilikuwa na utanzu mzima wa ajaibu, na neno lenyewe ndilo lililozaa "ajabu" tunalolitumia kila siku. Kitabu cha Ajaibu za Bara Hindi, kinachonasibishwa na nahodha Buzurg bin Shahriyar wa karne ya 10, kina mti wa Wakwaki unaozaa tunda lenye uso wa binadamu. Upepo ukivuma hutoa sauti. Baharia mmoja alilichuma. Hewa ikatoka, tunda likanywea mkononi mwake kama kunguru mfu.

Kisa hiki ni cha ajabu kama kile cha Pliny, lakini kimejengwa kwa namna nyingine. Buzurg humtaja aliyemsimulia, naye hapa ni Muhammad bin Babishad. Ni desturi ya isnadi, ule mlolongo wa wapokezi uliozoeleka katika elimu ya hadithi za Mtume, iliyoingizwa katika soga za mabaharia. Haimfanyi msimulizi kuwa mkweli, inamfanya awajibike. Tena ndani ya kisa kuna mkono unaonyooka na kuchuma, na ajabu inakufa kwa kuguswa. Mwandishi wa ajaibu anajua, pengine bila kukusudia, kwamba kiumbe wake anaishi kwa umbali.

Katika kitabu hichohicho Wakwaki wanatokea tena, na hapa si matunda. Mwaka 945 walifika na mashua zipatazo elfu moja kuushambulia mji wa Kanbalu, ambao wengi huuweka kisiwani Pemba, na walipoulizwa sababu walitaja pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui, ambari na watumwa wa Kizanji. Wameulizwa, wamejibu. Jina ni moja: mahali pamoja ni la mti, mahali pengine ni la wafanyabiashara wenye mahesabu yao. Tofauti ya kurasa hizo mbili ndiyo tofauti ya Strabo na Pliny, isipokuwa kwamba Buzurg amezihifadhi zote mbili katika jalada moja na kumwachia msomaji kazi.

Kisa kilicho bora zaidi katika kitabu hicho hakina kiumbe wa ajabu kabisa. Mwaka 922 jahazi la Oman lililokuwa likielekea Kanbalu lilisukumwa na upepo hadi Sofala, nchi ambayo mabaharia waliitarajia kuwa ya wala-watu. Mfalme akawapokea vyema, biashara ikaenda, na alipopanda jahazini kuwaaga, nahodha alipiga hesabu ya bei yake mnadani Oman, akatweka tanga naye akiwamo. Miaka ilipita. Upepo uleule ukalirudisha jahazi pwani ileile, na mfalme alikuwapo, ameketi mahali pake. Aliwaeleza safari yake: Basra, ambako alijifunza dini, Baghdad, Makka, Misri, kisha akaufuata Mto Nile kuelekea kusini mpaka akafika kwao. Akawasamehe. Walipomwalika awasindikize tena jahazini, hakukubali.

Msomaji wa utanzu huu aliandaliwa kukutana na mla-watu, na mla-watu amepatikana kweli, ila ndiye mwenye jahazi. Mageuzi hayo hayakuletwa na hoja yoyote ya maadili. Yaliletwa na kitendo cha kifani cha kumpa mfalme usimulizi wa nafsi ya kwanza, naye akautumia kutaja miji mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu ambao Pliny hakuwahi kumruhusu mtu yeyote wa orodha yake.

Zimwi likujualo

Masimulizi ya jamii za Afrika Mashariki nayo yana watu wa ajabu, na kwa muda mrefu yamesomwa kama hadithi za kuwatisha watoto wasitoke usiku. Usomaji huo unaupuuza ushahidi wa lugha. Zimwi, irimũ ya Kikikuyu, eimu ya Kikamba na izimu ya Kizulu ni ndugu wa mzizi mmoja, na mzizi huohuo uko katika mzimu na kuzimu. Kwa hiyo kiumbe huyu hakuletwa kutoka ng'ambo ya jangwa. Ametoka miongoni mwa wafu wetu wenyewe. Sarufi pia ina neno lake: methali husema "zimwi likujualo halikuli likakwisha", na upatanisho wa li-, badala ya a- ya viumbe hai, umemwondolea kiumbe heshima ya utu papo hapo anapotajwa. Hata hivyo kitenzi cha kwanza alichopewa na methali hiyo ni kujua. Li-ku-jua-lo: limeshushwa kwenye kiambishi na kupandishwa kwenye mzizi.

Mla-watu wa Pliny hamjui msomaji wa Pliny. Zimwi linakujua, na hapo ndipo tofauti ya fasihi hizi mbili ilipo. Katika hadithi iliyoenea sana, msichana anayewakataa wachumba wote wa kijijini anampenda mgeni mzuri aliyekuja ngomani, na katika masimulizi mengi ya Kikikuyu mgeni huyo ana kinywa cha pili kisogoni, kimefichwa kwa nywele, kinachonasa nzi. Wablemi walihamishiwa macho kifuani ili waonekane kwa mbali kuwa si watu. Kinywa cha kisogoni hakionekani mpaka uwe nyuma ya mwenye nacho, karibu vya kutosha kuzihesabu nywele zake. Swali la kijiografia limekuwa swali la ndoa. Hadithi haiulizi "watu wa huko wakoje?" Inauliza kama posa hii imechunguzwa, na inajua kuwa zimwi linaongea kwa adabu, linacheza vizuri na linatimiza kila sharti la nje.

Shaaban Robert aliuendeleza ukaribu huu mbali zaidi katika Adili na Nduguze (1952). Manyani wawili ambao Adili analazimika kuwapiga kila usiku kwa amri ya jini ni Hasidi na Mwivu, nduguze wa damu. Kisa chenyewe kina asili katika Alfu Lela Ulela, na wahakiki wamekitumia vya kutosha kuhubiri dhidi ya wivu. Kilichopuuzwa ni hali ya Adili. Yeye ndiye shahidi pekee anayejua kuwa wanyama hao ni watu, na ndiye mwenye kiboko. Rai, mfalme wa Ughaibu, anaonyeshwa tendo lisiloeleweka na anamtaka mtendaji alieleze. Riwaya yote inakuwa ni maelezo hayo. Hapa utu wa viumbe unategemea usimulizi kwa maana halisi: hadithi isiposimuliwa, manyani hawarudii umbo. Msomaji atakayelalamika kuwa Adili anasimulia kwa niaba ya nduguze, na kwamba wao hawakupewa nafasi ya kujitetea, atakuwa amegusa donda la kweli katika kazi hiyo.

Mwafrika kama msimulizi wa ajabu

Katika Othello, iliyochezwa mwaka 1604, Wablemi wanarudi, safari hii katika kinywa cha Mwafrika. Othello ameshtakiwa mbele ya baraza la Venice kwamba amempata Desdemona kwa uchawi. Anajitetea kwa kueleza hadithi alizomsimulia: safari, utumwa, wala-watu, na wale watu ambao vichwa vyao huota chini ya mabega. Baraza linaridhika. Mara nyingi kipengele hiki hufundishwa kama ithibati ya ufasaha wa shujaa, na ni kweli ana ufasaha. Lakini angalia malipo. Ili asikike, Mwafrika ameleta sokoni bidhaa ambayo Ulaya iliwabandika Waafrika miaka 1500 iliyotangulia, akiwa amesimama upande wa mtazamaji. Anawasimulia juu ya wasio na vichwa ili ionekane kuwa yeye anacho. Kinga hiyo haidumu. Tangu onyesho la kwanza Iago amekwisha kumtia Othello mwenyewe katika lugha ya wanyama.

Gonzalo wa The Tempest analichukulia jambo hilohilo kwa mzaha mzito. Utotoni, asema, hakuna aliyeamini kuwa kuna watu ambao vichwa vyao vimo vifuani. Siku hizi kila msafiri aliyewekeana dau analeta ushahidi wake. Dau ndilo neno kuu hapo. Wasafiri wa zama zile waliweka fedha kabla ya kuondoka na kulipwa maradufu wakirudi salama na ithibati, kwa hiyo ajabu ilikuwa na bei.

Tayeb Salih aliujua mnyororo huu wote. Mustafa Sa'eed wa Msimu wa Kuhamia Kaskazini, riwaya ya 1966, ni mwana wa Sudan, nchi ya Wablemi wa Strabo. Huko London anawavuta wanawake kwa kuwatungia Afrika ya majangwa na wanyama wasiokuwapo, huku akijua kuwa anadanganya na wao wakitaka kudanganywa. Anamtaja Othello kwa jina ili amkane. Kumkana hakumtoi katika utanzu wake. Ameurithi, na watu wanakufa kwa sababu ya urithi huo. Salih hamtetei, na hilo ndilo linaloifanya riwaya hiyo isomeke vizuri kuliko kazi nyingi zinazoijibu Ulaya kwa hasira tu.

Jedwali na barua

Orodha ya Pliny haikufa wakati safari zilipoongezeka. Ilibadilisha jina ikaitwa sayansi. Katika toleo la 1758 la kazi yake ya kuainisha viumbe, Linnaeus aliweka ndani ya jamii ya binadamu kundi la wenye maumbo yasiyo ya kawaida, na humo aliwatia watu ambao bandari zote za Ulaya ziliwafahamu: Wakhoikhoi wa Afrika ya kusini, Wapatagonia, Wachina, wenyeji wa Kanada. Hakuna tena "inasimuliwa". Kitenzi cha ushahidi kimefutwa na jedwali limebaki.

Sarah Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi, alionyeshwa kwa viingilio London mwaka 1810 na Paris kuanzia 1814. Alipofariki mwishoni mwa 1815, Cuvier aliupasua mwili wake, na mwaka 1817 akachapisha taarifa. Katika taarifa hiyo Cuvier anakiri kuwa marehemu alikuwa na kumbukumbu nzuri, alisema Kidachi vizuri kiasi, Kiingereza kidogo, na alikuwa ameanza maneno ya Kifaransa. Kisha anarudi kwenye vipimo vya viungo. Augustino angeishia kwenye sentensi ile ya lugha na kuufunga mjadala. Kesi ilipofunguliwa London mwaka 1810 kuhusu uhuru wa Baartman, alihojiwa kwa Kidachi, na majibu yake yametufikia katika muhtasari wa maafisa tu. Mabaki yake yalirudishwa Afrika Kusini mwaka 2002 yakazikwa Hankey. Mwanafunzi atakayetafuta matini ya Baartman mwenyewe hataipata. Atapata matini zilizomzunguka.

Wablemi wako katika hali tofauti, kwa bahati ya ukavu wa jangwa. Mwaka 1976, katika uchimbaji wa Qasr Ibrim, ngome ya Kinubi ambayo sasa imezungukwa na maji ya bwawa la Aswan, ilipatikana barua ya mafunjo ya katikati ya karne ya tano. Imeandikwa na Phonen, mfalme wa Wablemi, kwa Aburni, mfalme wa Wanobadi. Kigiriki chake ni kibovu mno, na wahariri wametoka jasho kukitengua. Phonen hakujua mnyambuliko wa vitenzi, lakini alijua alilolitaka. Analalamikia ardhi iliyotwaliwa. Anamtaja Silko, yule mfalme wa Wanobadi aliyejisifu kwa Kigiriki kwenye ukuta wa hekalu la Kalabsha kuwa amewashinda Wablemi. Anadai nchi irudishwe ili amani ipatikane.

Hadi sasa matini hiyo imekuwa zaidi mali ya wanahistoria na wataalamu wa mafunjo. Inafaa pia isomwe katika darasa la fasihi, sambamba na sentensi ya Pliny, kwa maswali yaleyale ya nafsi, msemewa na kusudi. Ni barua ya mfalme kwa mfalme, katika lugha ya tatu ambayo hakuna kati yao aliyezaliwa nayo, na Ulaya haimo ndani yake wala haikutarajiwa kuisoma. Haijibu tuhuma ya kutokuwa na kichwa, kwa kuwa mwandishi hakuwa na habari kwamba anatuhumiwa. Nayo ilihifadhiwa kwa karne 15 katika ngome ya Wanobadi, yaani nyumbani kwa adui aliyeandikiwa.